Kasoro Kwanza, Bei Baadaye

Ijulikane kwa wote, wakubwa kwa wadogo, walimu kwa wanafunzi, wenye njaa kwa walioshiba, kwamba methali isemayo "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza" imefanyiwa uchunguzi wa kina. Imepimwa, imetikiswa, imegeuzwa juu chini, na sasa itathibitishwa hapa bila kubakiza chembe ya shaka. Vifaa vilivyotumika katika uchunguzi huo ni mayai sabini, kipande kimoja cha sabuni ya kufulia, na beseni.

Maana ya methali yenyewe haina ugumu. Kitu chema hakihitaji kupigiwa debe. Wanaokitaka watakifuata hata kikifichwa uvunguni. Kibaya ndicho kinachovaa viatu asubuhi kikazunguka mitaani kutafuta wa kukinunua. Kijana anayehusika na kisa hiki aliijua maana hiyo vizuri. Aliwahi hata kuiandikia insha, akapata alama za juu darasani. Lakini sikio halikuwa na habari na kile mkono ulichoandika.

Kijana huyo aliitwa Kipaza. Jina hilo alipewa bwenini, kwa sababu usiku mmoja alimnong'oneza mwenzake jambo la siri, na kiranja wa bweni la pili akamjibu. Alikuwa kidato cha tatu, mtanashati kwa maelezo yake mwenyewe, na mwenye akili kuliko watu wote wa nyumbani kwao, pia kwa maelezo yake mwenyewe.

Nyumbani kwao kulikuwa shambani, pale mji unapochoka na lami inapogeuka vumbi. Baba yake alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu, akionekana kwa nadra kama mwezi mwandamo. Shamba lilikuwa mikononi mwa wanawake wawili. Mama alisimamia kuku, bustani na duka. Shangazi, dada yake Baba, alisimamia mbuzi, ng'ombe na visu vya bucha, na kwa sababu ya hivyo visu, hakuna aliyebishana naye akiwa kazini. Ng'ombe walikula nyasi, kuku wakachakura funza katika samadi ya ng'ombe, mboga zikanenepa kwa samadi ya wote wawili, na binadamu wakala kila kitu. Hakuna kilichotupwa pale shambani isipokuwa ushauri wa Kipaza.

Duka lilikuwa chumba kimoja cha mbao kando ya barabara, lenye kaunta, mizani ya kuning'iniza na rafu tatu. Halikuwa na bango. Nje palitundikwa ubao mdogo ulioandikwa kwa chaki kilichopo siku hiyo. Kilipokwisha, kilifutwa, na mteja aliyechelewa aliambiwa arudi Jumamosi ijayo. Lakini ajabu kubwa ya duka lile ilikuwa desturi ya Mama. Hakutaja bei ya kitu chochote kabla ya kutaja kasoro yake.

"Kabichi hii viwavi wamekula majani mawili ya nje," alimwambia mwanamke mmoja mwenye kapu, Jumamosi ya kwanza ya likizo. "Ndani ni nzima. Na karoti zetu ni fupi, upande ule ardhi ina mawe."

"Na kuku?"

"Kuku amekimbia maisha yake yote. Usipomchemsha taratibu atakushinda meno."

"Wa juzi alinishinda," mwanamke akasema, akifungua kapu. "Nipe mwingine nikalipize kisasi."

Kipaza, aliyekuwa akipanga nyanya, alitamani ardhi ipasuke immeze. Mteja alipotoka, alimgeukia mama yake.

"Mama, kwa nini unaitukana bidhaa yako mbele za watu?"

"Siitukani. Naitambulisha."

"Wenzetu hutambulisha kwa kusifu."

"Wenzetu wana spika," Shangazi alijibu kutoka kwenye gogo la nyama, bila kuinua macho. "Sisi tuna kuku."

Mayai nayo yalikuwa na kanuni zake. Kila yai liliandikwa kwa penseli tarehe ya kutagwa. Lililochafuka lilifutwa kwa kitambaa kikavu, basi. Yai halioshwi, Mama alisema, na Kipaza hakuwahi kuuliza kwa nini. Alidhani ni uvivu uliopandishwa cheo ukaitwa desturi.

Mwenye spika aliyesemwa na Shangazi alikuwa Bwana Punguzo, ambaye jina lake halisi lilisahauliwa hata na mkewe. Alikuwa na pikapu nyekundu yenye vipaza sauti viwili juu ya paa, naye alipita kila mtaa akiyanadi mayai yake: meupe, makubwa, yasiyo na mpinzani, na ukinunua trei moja unapewa kijiko bure. Kuku wake walikaa katika vizimba vilivyopangwa kama makabati, wala hawakuwahi kuona nyasi hata kwenye picha. Bwana Punguzo alitaka kuongeza wengine elfu tano, na sehemu aliyoitolea macho ilikuwa malisho ya akina Kipaza. Alikwisha kumletea Mama mkataba wa kuyakodi kwa miaka kumi. Mama aliuweka ule mkataba chini ya jiwe la mizani. Hakuusaini, na hakuuchana pia. Kiangazi kilikuwa kirefu, wateja wa Jumamosi peke yao hawakutosha kulishikilia shamba, na jibu lilitakiwa kabla ya mwezi kwisha.

Ndipo mpishi mkuu wa hospitali alipokuja.

Alikuwa mama mnene, mpole wa sauti, mwenye shada la funguo kiunoni. Alilizunguka duka lote, akanusa nyama, akavunja karoti, kisha akasema hospitali inatafuta mtu mmoja wa kuipelekea nyama, mboga na mayai mwaka mzima.

"Tutaanza na mayai," alisema. "Kila anayetaka kazi aniletee trei mbili. Nitayaweka rafuni siku kumi."

"Siku kumi zote?" Kipaza aliuliza.

"Siku ya kwanza kila mgeni ana adabu, mwanangu."

Alipoondoka, Mama aliutazama ule mkataba chini ya jiwe. "Tukiipata hospitali, malisho yanabaki," alisema. "Tukiikosa, nasaini." Alichukua jembe akaenda bustanini, akalima mpaka jua likakata tamaa.

Alhamisi asubuhi, siku ya kupeleka mayai, ng'ombe mmoja alianza kuzaa, tena kwa shida. Mama na Shangazi wakakimbilia zizini. Kipaza akaachiwa kazi ndogo ya kuyafungasha mayai na kuyapeleka kwa baiskeli.

Aliyatazama mayai yale kwa huzuni ya mtu aliyetumwa ukweni na suruali yenye kiraka. Moja lilikuwa na doa la kinyesi. Jingine limenata unyoya. Yote yalikuwa na namba za penseli, kama wafungwa. Je, hivi ndivyo vitu vya kuyaokoa malisho? Bwana Punguzo angeleta mayai meupe kama meno ya mtoto, nao wapeleke haya?

Basi Kipaza alitwaa beseni, akachota maji baridi ya kisimani, akachukua sabuni ya kufulia na kuanza kusugua. Aliosha mayai sabini ili achague sitini yaliyo bora. Madoa yakatoka, manyoya yakatoka, na tarehe zote zikatoka. Yaling'aa kama vipara vya walimu wakuu waliostaafu. Kwa kuwa muda ulikuwa umekwenda, aliyapanga yakiwa bado yamelowa ndani ya boksi, akalifunga kwa gundi ya karatasi pande zote, na juu yake akaandika kwa wino mwekundu: MAYAI YA KIFALME. Kumi yaliyobaki aliyarudisha ghalani, kwenye trei ya nyuma kabisa.

Hospitalini alitoa hotuba. Alisema mengi kuhusu hewa safi, historia ya ukoo na mustakabali wa kiamshakinywa. Mpishi mkuu alimsikiliza mikono kiunoni.

"Umemaliza?"

"Bado kidogo."

"Weka rafuni."

Kipaza alirudi nyumbani akipiga mluzi. Ndama alikuwa amezaliwa salama, na kila mtu alikuwa na furaha. Furaha hiyo ilidumu siku nne.

Siku ya tano Mama alitafuta sabuni yake ya kufulia, akakuta imebaki kama ukucha. Kisha akaingia ghalani kutafuta mayai ya mteja, akavuta trei ya nyuma, akatoka nayo nje kwenye mwanga. Mayai kumi yaling'aa, hayana tarehe hata moja.

"Nani ameyaosha haya?"

Hapo Kipaza alifanya jambo ambalo ni vijana wachache wa umri wake wangelifanya. Bila kungoja kuulizwa mara ya pili, alipiga hatua mbele, kichwa juu, kifua wazi, akasema kwa sauti tulivu: "Mama, ni mimi. Nimekosa, na niko tayari kuubeba mzigo wangu." Hata mbuzi waliacha kutafuna kwa heshima.

Mama aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Yai linazaliwa na koti lake," alisema polepole. "Huwezi kuliona, lakini ndilo linaloziba matundu ya ganda. Ukiliosha, umelivua. Ukiliosha kwa maji baridi, linayavuta ndani pamoja na uchafu wote uliokuwa nje. Yale ya hospitali nayo?"

"Nayo."

"Uliyakausha?"

Kipaza alitazama vidole vya miguu yake. "Niliyafunga kwenye boksi. Kwa gundi."

"Basi hukufunga mayai," Shangazi alisema. "Ulifunga bomu."

Mama akasimama. "Lete baiskeli. Na trei mbili za jana na juzi."

"Wifi, subiri," Shangazi akasema, na safari hii hakutania. "Zimebaki siku tano tu. Huenda hayataharibika. Ukienda kujisema, umemkabidhi yule mtu malisho kwa mikono yako miwili."

"Tunataja kasoro ya karoti fupi, wifi. Hii ndiyo tuifiche? Wanaokula kule ni wagonjwa."

Shangazi aliufuta mkono wake kwenye aproni, akaenda kuleta baiskeli mwenyewe.

Jikoni mwa hospitali walimkuta Bwana Punguzo amemletea mpishi mkuu kalenda yenye picha yake kubwa, akiwa amekumbatia kuku asiyetaka kukumbatiwa. Mama alisalimia wote, kisha akasema bila kuzunguka:

"Mayai tuliyoleta yameoshwa kwa sabuni, yakafungwa yakiwa yamelowa. Naomba usimpe mtu. Yatupe."

Mpishi mkuu alilishusha boksi kutoka rafuni, akalifungua, akachukua bakuli. Alivunja yai la kwanza: zima. La pili: zima. La tatu, jiko zima lilijua, na mhudumu mmoja aliyekuwa akimenya viazi alitoka nje bila kuaga.

Bwana Punguzo alijifunika pua kwa kalenda, mabega yakimtikisika kwa kicheko. "Ya kifalme kweli," alisema. "Mfalme mwenyewe amekufa lini?"

Mpishi mkuu hakucheka. "Na yako yametagwa lini?"

"Yangu? Juzi."

"Yana siku sita kwenye rafu yangu."

"Juzi ile ya wakati ule, mama. Kuku wangu wanataga kila siku, nani atafuatilia lipi ni la lini?"

Mama aliweka trei zake mezani. "Nimeleta mengine. Kumi na moja yalikuwa na uchafu, nimeyafuta kwa kitambaa. Manne yana ganda jembamba, hayo niliyoyatia alama ya msalaba; yatumie kwanza. Tarehe zimo. Sikuombi unihesabie siku upya. Nimekuja ili asiugue mtu."

Mpishi mkuu aliyageuza yale mayai yenye madoa na namba, moja moja.

"Weka rafuni," alisema.

Njiani Mama hakugombeza. Walipofika, Mama alimkabidhi penseli na mayai ya siku ile. Tangu hapo aliandika tarehe kwenye kila yai, asubuhi na jioni, na kitambaa kikavu kikawa rafiki yake wa karibu. Mama na Shangazi nao waliinama kwenye kazi kama watu wasio na mkataba wowote chini ya jiwe. Walihamisha ua wa kuku hadi kwenye nyasi mbichi. Walipanda spinachi ambazo huenda zingevunwa na Bwana Punguzo.

"Tunapanda ya nini kama tunakodisha?" Kipaza alithubutu kuuliza.

"Umesikia nimesaini?" Mama akamjibu, na kumpa debe la kumwagilia.

Jumamosi alimsimamisha kaunta ahudumie wateja, lakini kwanza alimtambulisha kwa kila mmoja kwa desturi ya duka.

"Huyu ni mwanangu. Kasoro yake, anaosha mayai na anaongea sana. Ndani ni mzima."

"Hana hata viwavi?" aliuliza yule mwanamke wa kabichi, akimkagua sikio.

"Hao wapo," Shangazi alisema. "Wako kichwani."

Jumamosi ya mwisho wa mwezi ikawadia. Bwana Punguzo alikuwa amesema atafika saa sita mchana kuchukua mkataba wake. Mama alikuwa ameutoa chini ya jiwe na kuuweka kaunta, kalamu kando yake. Saa tano na nusu foleni ilikuwa ya watu wanane, na Kipaza, akipima nyanya, aliinua macho akaona kwamba wa mwisho kwenye foleni ni mama mnene mwenye funguo kiunoni. Nje lilisimama gari la hospitali.

Mdomo wa Kipaza ulifunguka kutaka kutangaza. Akakumbuka sabuni, akaufunga.

Mpishi mkuu alingoja zamu yake kama wengine. Alipofika kaunta alisema, "Yenu niliyavunja jana. Trei mbili, halikunidanganya hata moja. Yule wa pikapu nilimuuliza mara tatu tarehe za mayai yake. Mara tatu akanipa kijiko." Aliegemea kaunta. "Nina wagonjwa mia mbili. Wengine hawawezi hata kunusa wanachopewa. Nataka mtu atakayeniambia kabla sijavunja. Nyama ipo?"

Mama alimgeukia wifi yake. Shangazi akamjibia.

"Ipo. Ila paja la leo lina mafuta mengi."

"Nipe hilohilo. Na mniandikie ya Jumatatu."

Mama alitafuta karatasi ya kuandikia asiione. Akaugeuza mkataba wa Bwana Punguzo, akaandika nyuma yake: mayai trei ishirini, karoti, fupi, kabichi, majani ya nje yametobolewa.

Saa sita kamili pikapu nyekundu ilipunguza mwendo mbele ya duka. Bwana Punguzo aliliona gari la hospitali, akaona foleni, akaona karatasi yake imekwisha kupata kazi nyingine. Hakushuka. Aliongeza sauti ya spika, na kila mtu akasikia kwamba sasa ni trei mbili kwa bei ya moja, na vijiko viwili, mpaka sauti ikakata kona kwenda kutafuta mtaa mwingine.

Hapo ndipo hadithi hii ilipokusudiwa kuishia, kwa heshima na taadhima. Lakini jana, wakati sanduku la kurudi shuleni linafungwa, Mama aliyaokota makaratasi haya mezani. Aliyasoma yote amesimama, kisha akachukua penseli ya mayai. Pembeni ya ukurasa wa kwanza aliandika tarehe, na chini yake: "Kasoro haijatajwa."

Basi naitaja. Kipaza ni mimi. Na pale nilipopiga hatua mbele, kifua wazi, mbuzi wakaacha kutafuna, sikupiga hatua yoyote. Nilisema mvua iliingia ghalani usiku ikayaosha mayai. Mama akauliza kama mvua hiyo ilikuja na sabuni yake. Nikasema huenda ni Shangazi. Shangazi alikuwa nyuma yangu. Nilikiri nikiwa juu ya paa la banda la kuku, baada ya ngazi kuondolewa.

Yaliyobaki ni mazima. Mama hakuinua sauti mwezi mzima, na hospitali ikamfuata hadi mwisho wa lami. Mimi ndiye niliyeandika kwa wino mwekundu, nikahutubia jikoni, na leo tena nimejaribu kujinadi humu kwa kurasa nzima: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.